Gari ya turbo ya zamani haivuti mlimani? Anza na hewa kabla ya mafuta

Msimu wa mavuno ukifika Ubaruku, magari ya dizeli ya miaka ya 1990 yanapata kazi kwelikweli. Surf, Prado, Land Cruiser na pikapu za kila aina zinatoka mashineni zikiwa zimebeba mchele, zinapita Rujewa, zinaingia barabara kuu ya TANZAM, zinapita Chimala na Igurusi, halafu zinaanza kupanda Inyala kuelekea Uyole na Mbeya mjini. Nyingi zina turbo. Na madereva wake wana lalamiko moja: zamani ilikuwa inavuta, siku hizi inachoka mlimani.

Ushauri wa bei rahisi unajulikana: "Tufungue pampu kidogo, tuongeze mafuta." Gari inatoka gereji na nguvu kidogo zaidi na moshi mweusi mwingi zaidi. Wakati mwingine inadumu hivyo. Wakati mwingine inachemsha katikati ya mlima, silinda hedi inapasuka, na faida ya msimu mzima inaishia kwa fundi.

Leo tutaangalia fizikia iliyo nyuma ya jambo hili. Ukweli ni kwamba gari ya turbo ya zamani inaweza kupewa nguvu zaidi. Lakini ziko kazi mbili tofauti ambazo watu huzichanganya: kurudisha nguvu iliyopotea, na kuongeza nguvu ambayo gari haikuwahi kuwa nayo. Ya kwanza ni rahisi na salama. Ya pili ina gharama yake, na gharama hiyo ni joto.

Injini ni pampu ya hewa

Tunazoea kusema gari "inakula mafuta". Kwa uzito, kitu inachokula zaidi ni hewa. Kuunguza kilo 1 ya dizeli kikamilifu kunahitaji takriban kilo 14.5 za hewa. Na injini ya dizeli huhitaji hewa ya ziada juu ya hiyo, kwa sababu mafuta yanapuliziwa dakika ya mwisho kabisa na hayapati muda wa kuchanganyika vizuri na hewa yote iliyomo kwenye silinda. Hewa ikipungua, sehemu ya mafuta haiungui vizuri, inageuka masizi. Ule moshi mweusi ni pesa yako inayotoka bila kufanya kazi.

Tupige hesabu ndogo. Injini ya lita 3 yenye mipigo minne inavuta lita 3 za hewa kila inapozunguka mara mbili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, silinda zikijaa vizuri, hiyo ni lita 4,500 za hewa kila dakika. Ujazo huo haubadiliki, uwe Dar es Salaam au Mbeya. Kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo ndani yake.

Mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar, kwenye joto la nyuzi 30 za selsiasi, ina uzito wa takriban kilo 1.16. Ubaruku iko kwenye bonde la Usangu, juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa joto lilelile la nyuzi 30, hewa yake ina takriban kilo 1.03. Mbeya mjini, kama mita 1,700 juu, kwa nyuzi 20, inabaki kilo 0.98 hivi.

Umeona kitu? Kutoka Ubaruku hadi Mbeya tunapanda mita 700, lakini hewa imepungua kwa asilimia 5 tu. Baridi ya Mbeya imetusaidia. Hewa baridi hubanana, hewa ya moto hutanuka. Kwa injini, hewa ya Usangu saa nane mchana ni nyembamba karibu sawa na hewa ya mlimani. Shika jambo hilo la joto, litarudi.

Turbo inafanya nini hasa

Karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta hutoka kwenye bomba la moshi kama joto na mwendo wa gesi. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliomba hataza ya wazo la kuitumia nishati hiyo: moshi unaotoka uzungushe gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine upande wa pili wa ekseli ileile, ambalo linasukuma hewa safi kuingia kwenye injini. Hiyo ndiyo turbo. Ekseli yake fupi inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Kwa hiyo turbo yenyewe haitengenezi nguvu. Inapakia hewa. Nguvu inakuja pale mafuta yanapoongezwa kulingana na hewa hiyo.

Ili isipakie kupita kiasi, kuna kilango kinachoitwa westigeti. Presha ikifika kiwango kilichopangwa, kilango kinafunguka na sehemu ya moshi inapita pembeni bila kuzungusha turbo. Kwenye magari mengi ya zamani, kilango hicho kinaendeshwa na springi na kiwambo tu, hakuna kompyuta.

Tuseme springi imepangwa presha ya 0.7 bar juu ya hewa ya nje. Dar, ambako hewa ya nje ni 1.01 bar, injini inapata jumla ya 1.71. Mbeya, ambako hewa ya nje ni kama 0.82, inapata 1.52. Imepoteza asilimia 11. Gari isiyo na turbo ingekuwa imepoteza asilimia 19 ya presha. Ndiyo maana gari ya turbo inapanda milima yetu vizuri zaidi.

Lakini angalia upande wa pili. Dar, turbo ilikuwa inazidisha hewa mara 1.69. Mbeya, kwa presha ileile kwenye geji, inazidisha mara 1.85. Inazunguka kwa kasi zaidi na inaipasha hewa moto zaidi. Ukiipandisha hadi 1.0 bar ukiwa Mbeya, inabidi izidishe mara 2.2. Geji ya dereva inaonyesha 1.0 kule na huku, lakini kazi ya turbo siyo ileile.

Kwanza, rudisha nguvu iliyopotea

Gari ya miaka 25 au 30 haikuzaliwa dhaifu. Kuna mahali inavuja, imeziba au imelika. Kabla ya kugusa skrubu yoyote ya pampu, pita kwenye orodha hii.

Mipira ya hewa na klipu zake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia, na ndiyo ya bei nafuu. Mpira ukipasuka kati ya turbo na injini, hewa iliyopakiwa inatoka nje. Tuseme Ubaruku, ambako hewa ya nje ni 0.9 bar, presha imeshuka kutoka 0.7 hadi 0.4. Jumla imetoka 1.6 hadi 1.3: karibu asilimia 19 ya hewa imekwenda. Namna ya kupima ni ileile ya fundi pancha. Injini ikiwa imezimwa, ziba mdomo wa kuingilia hewa kwenye turbo, ingiza upepo kidogo wa kompresa usiozidi presha ya kawaida ya turbo, pitisha povu la sabuni kwenye viungo vyote. Linapochemka mapovu, umempata mwizi.

Filta ya hewa, ile ambayo mafundi wanaiita eakilina. Vumbi la Usangu wakati wa kiangazi, ukijumlisha makapi yanayopeperuka kwenye mashine za kukoboa, huziba filta haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Filta iliyoziba ni sawa na kuipandisha gari mlima ambao haupo. Kosa kubwa zaidi ni kuendesha bila filta ili "ipumue". Chembe za mchanga zikigonga mapanga yanayozunguka kwa kasi ile, zinayala, halafu zinaendelea hadi kwenye silinda na kuchubua ringi.

Kiwambo cha juu ya pampu. Dizeli nyingi za turbo zenye pampu ya kimakanika zina kipande cha mviringo juu ya pampu, chenye mpira mwembamba unaotoka kwenye njia ya hewa. Presha ya turbo ikipanda, inasukuma kiwambo kilichomo ndani, na pampu inaruhusiwa kutoa mafuta zaidi. Mpira huo ukitoboka au kiwambo kikichanika, pampu inadhani turbo haifanyi kazi, inabania mafuta. Gari inakuwa nzito, haina moshi, na kila mtu analaumu turbo.

Westigeti. Ikikwama wazi kwa kutu au masizi, moshi unapita pembeni muda wote na turbo hailii kabisa. Ikikwama ikiwa imefungwa, presha inapanda bila breki.

Turbo yenyewe. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa mpira wa kuingilia hewa, zungusha ekseli kwa vidole. Kucheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida. Ikicheza ndani na nje kiasi cha kusikika mkononi, au mapanga yanagusa ukuta, hiyo imekwisha, na kuipandisha presha ni kuharakisha mazishi yake.

Njia ya mafuta na moshi. Filta ya dizeli iliyochafuka, nozeli zinazodondosha badala ya kupulizia, valvu zisizorekebishwa kwa muda mrefu, bomba la eksozi lililobonyea kwa kugonga mawe: kila kimoja kinakula asilimia chache. Ukizijumlisha, umepata ile gari inayochoka Inyala.

Rangi ya moshi inasaidia kutafuta. Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu: oili inaungua, angalia ringi, sili za valvu au turbo. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa moto: mafuta yasiyoungua, au maji yanaingia kwenye silinda. Ukiona huo wa mwisho na maji ya rejeta yanapungua, simamisha mipango yote ya kuongeza nguvu.

Sasa, kuongeza

Tuseme yote yako sawa na bado unataka zaidi. Mpangilio una maana kubwa hapa.

Poza hewa. Turbo inapobana hewa, hewa inapata moto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Ubaruku kwenye nyuzi 30, kwa presha ya 0.7 bar, turbo yenye ufanisi wa kawaida inatoa hewa yenye nyuzi 110 hivi. Hewa hiyo imetanuka, yaani nusu ya kazi tuliyoifanya inapotea. Weka intakula, ambayo ni kama rejeta ya hewa, uishushe hadi nyuzi 60, na uzito wa hewa unaongezeka kwa takriban asilimia 15 bila kuigusa turbo, ukiacha presha kidogo inayopotea ndani ya intakula yenyewe. Toyota ilipita njia hiyo kwenye injini yake ya 1KZ-TE ya lita 3, iliyo kwenye Surf na Prado nyingi za miaka hiyo: matoleo yasiyo na intakula yalikuwa na takriban farasi 130, na yenye intakula, pamoja na marekebisho mengine, yakafika takriban 140 na mvuto mkubwa zaidi kwenye mizunguko ya chini. Ukiiweka mwenyewe, chagua mahali. Ikikaa mbele ya rejeta na kuizibia upepo, umehamisha tatizo tu.

Fungua njia ya moshi. Turbo inaendeshwa na tofauti ya presha kati ya upande wa kabla yake na wa baada yake. Bomba pana zaidi baada ya turbo linaongeza tofauti hiyo, kwa hiyo turbo inaamka mapema, na joto la moshi linashuka kidogo.

Presha na mafuta, kwa pamoja, kidogo kidogo. Hapa ndipo watu wanapoanza, wakati ndipo pa kumalizia. Kwenye dizeli, mafuta yakizidi hewa, joto la moshi linapanda haraka. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Inasalimika kwa sababu oili na maji vinaliondoa joto kabla halijajikusanya. Ndiyo maana geji mbili ni lazima: ya presha ya turbo, na ya joto la moshi kabla ya turbo. Mafundi wengi wa dizeli huichukulia nyuzi 700 hivi kuwa mstari wa tahadhari kwa kupanda mlima mrefu. Bila geji hizo unaendesha kwa kubahatisha. Vile vijiboksi vinavyouzwa kwa ahadi ya nguvu ya haraka kwa kawaida hudanganya sensa ili mafuta yaongezeke, na havijui kama mpira wako wa hewa umepasuka.

Kwa wenye Forester na Impreza za petroli zenye turbo, sheria inageuka. Kwenye petroli, ni mafuta yakipungua wakati presha imepanda ndipo hatari inakuja. Mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati, injini inagonga, na pistoni zinaumia ndani ya sekunde chache. Kuongeza presha ya petroli bila kurekebisha kompyuta yake, na bila uhakika wa petroli unayojaza, ni njia fupi ya kunoki injini.

Farasi mmoja, na wawili wa joto

Hiki ndicho kipande ambacho ushauri wa "fungua pampu" haukisemi. Injini nzuri ya dizeli ya zamani inageuza takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Theluthi mbili ni joto. Kwa hiyo kila farasi mmoja unayemwongeza anakuja na wenzake wawili wa joto, ambao ni lazima watoke kupitia rejeta, oili au bomba la moshi.

Chukua gari ya farasi 130, iongeze asilimia 20. Umepata farasi 26, kama kilowati 19. Wanakuja na kilowati 38 za joto. Hizo ni sawa na pasi 38 za umeme za kilowati 1, zote zimewashwa chini ya boneti.

Je, unazihitaji? Gari yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, ikipanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 50 kwa saa, inahitaji kilowati 33 hivi, yaani farasi 44, kwa ajili ya kuuinua uzito huo tu. Ongeza upepo, msuguano wa matairi na kinachopotea kwenye giaboksi, bado injini nzima ya farasi 130 ina akiba. Gari inayoshindwa hapo haikosi farasi wa ziada. Imepoteza wale iliyokuwa nao.

Tena mlima siyo mbio za sekunde 10. Injini inaweza kuvumilia joto kubwa kwa muda mfupi kwa sababu chuma kinachukua muda kupata moto. Ukikanyaga mafuta dakika 15 mfululizo, kila kitu kinafikia joto lake la mwisho. Miaka ya 1984, 1985 na 1986 Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari Rally ya Kenya mara tatu mfululizo, mbili kwa Björn Waldegård na moja kwa Juha Kankkunen. Mbio zile zilikuwa za maelfu ya kilomita kwenye vumbi, matope na jua. Gari haikushinda hapo kwa dakika chache za nguvu nyingi. Ilishinda kwa injini iliyopozwa na kulindwa hadi mwisho.

Kwa hiyo kabla ya farasi mpya: rejeta isafishwe ndani na nje, feni na mfuniko wa rejeta vifanye kazi, oili ibadilishwe kwa wakati. Na ukimaliza mlima, usizime injini hapohapo. Iache iunguruma bila mzigo dakika moja au mbili, oili iendelee kuipoza turbo. Oili ikisimama kwenye beringi yenye moto mkali inaungua na kuwa mkaa, na mkaa huo ndio unaoziba njia ya oili safari inayofuata.

Klachi na breki pia ziko kwenye hesabu. Ukipakia magunia zaidi kwa sababu sasa inavuta, kumbuka mlima uliopanda na mzigo huo utaushuka pia, na turbo haina msaada wowote kwenye mteremko.

Ukienda gereji

Omba kwa mpangilio huu: kipimo cha uvujaji wa hewa, filta zote mbili, westigeti na kiwambo cha pampu, ekseli ya turbo, nozeli, halafu kipimo cha kompresheni ya silinda. Funga geji ya presha na uiendeshe wiki moja, uandike inafika ngapi ukiwa Usangu na ngapi ukifika Uyole. Ikifika kiwango cha kiwandani na bado hairidhishi, ndipo mzungumze habari za intakula na bomba. Skrubu ya pampu iwe ya mwisho, robo mzunguko kwa mara moja, geji ya joto ikiwa mbele ya macho.

Kwa wanafunzi, jaribuni hesabu moja. Gari ya tani 3 inapanda mita 700 kutoka Ubaruku hadi Mbeya. Zidisha uzito, 9.8 na kimo, utapata megajuli 20.6. Lita 1 ya dizeli ina takriban megajuli 36, na injini inatumia theluthi moja. Utaona kwamba kuinua mzigo huo wote hadi Mbeya kunahitaji chini ya lita 2. Pima mafuta gari yenu inayotumia kwa kweli kwenye safari hiyo, halafu mtafute zinazobaki zimekwenda wapi: upepo, matairi, breki za njiani, na kiasi gani kimetoka kama moshi mweusi.